Vichupa Viwili Visivyo na Namba

Alhamisi, tarehe 12 Juni. Manyunyu alfajiri, mawingu mpaka saa nne, kisha jua la kivivu. Upepo wa kusi umeangusha nguo zote na mke wangu amezifua upya huku akiilaumu kamba. Kamba niliifunga mimi.

Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu. Siku ya kuniaga, vijana wa kituo cha utafiti walinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri, ingawa inamfaa zaidi mtu anayetakiwa kuwahi mahali. Wakaniomba niandike niliyoyaona nyanjani, yawasaidie wao wanaoanza. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshiba pilau. Sasa nimekaa na daftari na sina hakika kama nafaa. Nilisoma mpaka darasa la saba, na la sita nililirudia. Mambo ya vinasaba nitayaeleza kama nilivyoyaelewa. Nikikosea, Dokta Upendo yupo, atasahihisha kwa kalamu nyekundu kama alivyozoea. Habari za vyeo nitaziruka. Hazijai hata ukurasa.

Nilianza kazi kituoni kama muosha vyombo vya maabara. Si kazi ya kudharau. Chupa ya maabara haioshwi kama kikombe cha chai. Inaoshwa kama vile mkwe anakuja kunywea. Niliosha miaka mingi, na ningestaafu na povu mikononi kama si mwenzetu mmoja kuumwa tumbo asubuhi ya safari ya Kiwangwa. Mradi wa saratani za watoto ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Sista Monika, muuguzi aliyekuwa akiongoza kazi ya nyanjani, alichungulia chumba cha kuoshea akauliza, “Nani hapa anajua Kikwere?” Nikanyoosha mkono. Tulikuwa wawili chumbani, na kwa haki lazima niseme mwenzangu alikijua kuliko mimi. Ila yeye alikuwa ameshika chupa kwa mikono yote miwili.

Siku ile ya kwanza nilipewa kubeba deli. Wale ambao hamkulikuta, lilikuwa la bluu, lenye mfuniko mweupe na mkanda wa begani, la kutunzia sampuli zisipate joto. Hakuna aliyefikiria kwamba lilifanana kabisa na deli la muuza aiskrimu. Niliposhuka kwenye gari pale Kiwangwa, watoto walitoka kwenye mashamba ya mananasi kama waliopigiwa kengele. Walijipanga mstari wenyewe, mstari ulionyooka kuliko wa shule. Mkubwa wao akaniuliza, “Mjomba, una ya embe?”

Nikamwambia hapana, humu kuna vichupa vya kutemea mate.

Aliniangalia juu mpaka chini. Kisha akageuka kuwaambia wenzake, “Hana. Na ni mgonjwa.”

Sista Monika alicheka mpaka akakaa kwenye bampa. Alikuwa mtu wa bara, mkatoliki wa misa ya kwanza, mrefu, na alijua kusalimia kwa adabu ya Pwani kutushinda sisi tuliozaliwa nayo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba usitaje mradi kabla hujajua habari za kila mtu wa nyumba hiyo, pamoja na mbuzi. Alinifundisha kukaa chini kuliko mwenye nyumba. Na alinifundisha sheria moja aliyoirudia kila asubuhi gari likiwaka: “Kondo, kalamu kwanza, mate baadaye.” Maana yake, namba uiandike kwenye kichupa kabla mtu hajatema. Ukishakuwa na mate ndani na namba hakuna, una mate tu.

Nieleze sasa kazi yenyewe ilikuwa nini, kwa kadiri ninavyoweza. Dokta Upendo, daktari wa mradi, alitukalisha siku moja akamwaga maharage na choroko kwenye sinia. Akasema hawa ni askari wa mwilini, seli za kinga, na wako wa aina mbalimbali. Kila mtu amezaliwa na maagizo yake ndani ya vinasaba, yanayosema aina hii wawe wengi kiasi gani na aina ile kiasi gani. Nusu ya maagizo ameyapata kwa baba, nusu kwa mama. Tulichotaka kujua ni kama watoto wenye maagizo ya kuongeza maharage wanapata saratani ya damu zaidi kidogo kuliko wengine.

Mimi nikauliza, kwa nini tusihesabu askari kwenye damu ya mgonjwa, tukamaliza. Nilitegemea kuchekwa. Dokta akasema ni swali zuri (nimeliandika hapa kwa sababu hiyo). Akajibu kwamba mtoto akishaugua, hesabu imeshavurugika. Huwezi kujua kama askari ndio walioleta ugonjwa au ugonjwa ndio ulioleta askari. Ni sawa na kufika kwenye ugomvi watu wameshashikana mashati. Lakini maagizo ya kuzaliwa nayo hayageuzwi na ugonjwa uliokuja baadaye. Hayo ndiyo tuliyoyafuata, na yanapatikana hata kwenye mate. Basi tukaenda kutafuta mate ya watoto wagonjwa, ya watoto wazima, na ya wazazi wao.

Mate si rahisi kama mnavyodhani. Mtu asile, asinywe, asitafune tambuu wala asivute kwa nusu saa kabla. Kichupa kijae hadi mstari, na povu halihesabiki. Wazee wengi wakishika kile kichupa kinywa kinakauka papo hapo. Dawa niliivumbua mwenyewe, na nadhani ndiyo mchango wangu pekee kwa sayansi: unamtajia mtu embe bichi. Unalikata polepole kwa maneno, unatia chumvi, unatia pilipili ya kusaga, unamwambia hilo la kwanza lina ukakasi kidogo lakini la pili ndilo. Kabla hujafika la pili kichupa kimejaa. Tatizo ni kwamba na wewe unajaa.

Kueleza habari za askari vijijini ndiko kulikonisumbua. Wengi walishindwa kuelewa vipi askari wa kukulinda awe sababu ya balaa. Fundi baiskeli mmoja wa Kiwangwa alinisikiliza mpaka mwisho huku akiziba pancha, akasema, “Mbona hilo liko wazi. Mgambo wakizidi kijijini, hata kuku hawabaki.” Nilimpelekea Dokta Upendo maneno hayo. Akayaandika, akasema hayako sahihi sana lakini ni bora kuliko yangu.

Sasa niingie kwenye kisa cha Mkange, ambacho ndicho vijana waliniomba, kwa kuwa wamekisikia kwa dereva na dereva anakisimulia kwa kujipendelea.

Mkange palikuwa na nyumba ya Athumani, mkulima wa mihogo na ufuta. Binti yake Rehema, wakati ule ana miaka saba, alikuwa na saratani ya damu, anatibiwa hospitali kubwa ya Dar na anaendelea vizuri. Mama yake ni Mwanaidi, aliyeolewa kutoka Kiwangwa. Na kulikuwa na dada mkubwa wa Athumani, shangazi wa mtoto, Bi Chausiku. Huyu alishakata shauri kwamba ugonjwa umetoka kwa mama, kwenye ukoo wa Kiwangwa, na alikuwa akimwambia kaka yake amrudishe mke kwao kabla hajazaa mwingine. Aliyasema hayo barazani, Mwanaidi akiwa jikoni anayasikia.

Nataka niwe wa haki kwa Bi Chausiku. Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kugundua michubuko kwenye miguu ya mtoto wakati wengine wanasema ni michezo. Ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, akalala sakafuni hospitalini majuma mengi, akajifunza majina ya dawa zote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu na sauti kubwa.

Tulifika mimi na dereva wetu Mihambo. Sista alikuwa na kikao Bagamoyo. Nikasoma fomu yote, pamoja na pale panaposema mradi hautoi majibu ya nyumba moja moja wala hautasema ugonjwa umetoka upande gani. Nikaeleza maharage na choroko. Athumani akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, “Sawa. Majibu yakija, nitajua la kufanya kuhusu mke.”

Hapo ndipo ilinipasa nisimame, nirudie ule mstari mara tatu. Sikusimama. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, mwenyekiti wa kitongoji ananisubiri, na nilijiambia nimeshasoma, kusikia ni kazi yao. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Naliandika ili msije mkajiambia hivyo.

Rehema alitema kwenye kichupa chake, akafurahi, akataka cha pili. Athumani akatema. Ikabaki zamu ya Mwanaidi. Wakati huohuo mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hakubali mgeni yeyote aondoke bila kusaini kitabu chake, akatufuata nacho, akaazima kalamu yangu kujaza safu ya “Sababu za kufika”. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Naelewa, si safu rahisi.

Mwanaidi alikuwa ameshashika kichupa. Kinywa kilikuwa kikavu kama unga. Nikataja embe bichi, nikataja la pili, la tatu, nikaingia kwenye ukwaju. Alikuwa anatema huku machozi yanamlengalenga, na shangazi amesimama juu yake amejifunga kanga kiunoni. Nikaona nikimwambia asubiri kalamu hatamaliza siku hiyo. Nikamwacha amalize bila namba.

Basi Bi Chausiku akasema, “Na mimi nipe.”

“Shangazi, fomu inataka baba, mama na mtoto tu.”

“Mimi ndiye niliyemlea baba. Nipe, waone mate ya upande wetu yalivyo safi, wayalinganishe.”

“Lakini hayatapimwa, shangazi.”

“Wewe hofu yako nini? Mate ni yangu.”

Ilinipasa nikatae. Nilimpa kichupa cha akiba, kwa heshima, nikiwa nimepanga kukitupa njiani. Akakijaza mara moja, bila embe. Nikaweka cha Mwanaidi kulia kwenye deli na cha shangazi kushoto. Nikajiambia kichwani: kulia mke, kushoto wifi. Kalamu ikirudi nitaandika.

Mimi ni Mzaramo. Mihambo ni Mnyamwezi, na jina lake lilishasomwa kwenye kitabu cha wageni. Pale Mkange wengi ni Wazigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara. Nadhani mnaelewa kilichofuata. Wanawake watatu walitokea nyuma ya nyumba, wakalinyakua deli, mmoja akajitwika kichwani, wakaondoka wanaimba kwamba Mnyamwezi amekuja kuiba mate ya Wazigua kwenda kuyapandia mpunga kwao.

“Mtalirudisha,” Mihambo akasema, ameshaanza kutabasamu.

“Tutalirudisha ukilikomboa. Kinu kile pale, mahindi yale pale.”

“Mimi ni dereva wa serikali.”

“Basi twanga kiserikali.”

Na Mihambo akatwanga. Kwa haki, alitwanga vizuri, ingawa anaposimulia yeye mahindi huongezeka kila mwaka. Mimi nilikimbia nyuma ya deli nikiwaomba wasilitikise. Nadhani hilo lilizidisha mambo, maana waliona nami nina kitu, wakalizungusha kwa zamu, kichwa hadi kichwa, mpaka kinu kilipokwisha. Walitulipa mihogo ya kuchoma na wakatuombea safari njema. Kalamu ikarudi. Nikafungua deli.

Vichupa viwili vyenye namba vilikuwa vimelala pamoja. Vile viwili visivyo na namba vilikuwa vimekumbatiana katikati, sawasawa, kana kwamba vimepimwa kwa rula.

Tulikwenda mpaka tukakaribia lami. Nilikuwa nimekishika kimoja mkononi, kalamu kwenye mkono mwingine. Kila nikikitazama nakiona ni cha Mwanaidi, kisha nakitazama kile kingine nacho ni cha Mwanaidi.

“Andika tu, Mzee Kondo,” Mihambo akasema. “Ni mate. Nani atajua?”

Alisema kwa kunihurumia, na sitaki vijana wamfikirie vibaya. Niliiweka ncha ya kalamu kwenye lebo. Nikamfikiria Mwanaidi alivyokuwa anatafuta mate na hapati. Nikawaza, huyu tayari anasemwa kwa ambayo hakuyafanya. Sasa na mimi nimwandikie mate ya mtu mwingine. Nikaifunika kalamu. Sisemi nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimeshindwa kuamua kipi.

Sista Monika alinisikiliza hadi mwisho. “Ulikuwa na vichupa viwili na kichwa kimoja,” akasema. “Kichwa ndicho kilichozidi.” Kisha akanimiminia chai, na hapo nikajua ni kweli nimeharibu. Dokta Upendo akaeleza kwamba maabara ingeweza kutambua mama ni yupi, kwa kulinganisha na mtoto, lakini ili kujua ingebidi vipimwe vyote viwili, na shangazi hakuwa ametoa ridhaa ya kupimwa. Fomu yake haikuwepo. Vyote viwili viteketezwe. Mtu arudi Mkange akaseme ukweli, achukue upya.

“Nani aende?” nikauliza. Wote wawili wakanitazama.

Juma lililofuata nilikwenda. Sikulala vizuri siku mbili kabla, maana niliona wazi itakavyokuwa. Nyumba ile inasubiri majibu. Nikisema sina majibu, shangazi atasema yamefichwa kwa sababu ni mabaya, na Mwanaidi atafungasha vitu vyake wiki hiyohiyo. Na sababu itakuwa mimi, mtu wa darasa la saba aliyeazimisha kalamu.

Niliwakuta wote barazani. Nilisalimia, nikauliza habari za shamba, za mbuzi, za mbuzi mwingine.

“Bwana Mate,” Bi Chausiku akasema, “mbuzi wazima. Majibu?”

“Sikuleta majibu, shangazi. Nimeleta kosa.”

Nikasema yote. Kalamu, kulia, kushoto, deli kichwani. Mwanaidi alikuwa anachambua mchele, akaacha mkono ndani ya ungo. Athumani akaniangalia kama anayengoja sehemu iliyobaki.

Bi Chausiku akasema, “Ngoja. Unasema mate yangu na ya huyu hayajulikani yapi ni yapi?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Ina maana yakipimwa yakaonekana na ugonjwa, huenda wakaandika ni mimi?”

“Hayatapimwa. Yameshateketezwa.”

“Nani aliyaona yakiteketezwa?”

Hilo sikulitegemea. “Mimi,” nikasema.

“Wewe ndiye uliyeyapoteza.”

Alikuwa na hoja. Akasimama, akakaa, akaifunga kanga upya. Nilimwona usoni kitu ambacho juma lililotangulia nilikuwa nimekiona kwa Mwanaidi. Kilimkaa dakika nzima. Halafu akamgeukia kaka yake.

“Athumani, nisikilize vizuri, lisije likatoka neno hapa likafika msikitini. Mate hayana kosa. Huyu bwana siku ile alisema nini? Mtu anazaliwa na askari wake, hakuwachagua. Maagizo nusu kwa baba, nusu kwa mama, na wewe nusu yako imo, usikae hapo kama mgeni. Tena akasema wako watoto chungu nzima wenye maagizo hayohayo na wanacheza mpira. Akasema ni hatari kidogo, si hukumu. Akasema hawana cha kumwambia mtu mmoja mmoja, wanatazama wengi kwa pamoja. Alisema, hakusema?”

“Nilisema,” nikajibu. Nilikuwa nimeduwaa. Ilikuwa fomu nzima, ukurasa wa kwanza mpaka wa tatu, na aliijua kuliko mimi.

“Basi mtu akija kuniambia mimi Chausiku nimeleta saratani nyumba hii, nitamwonesha.”

Athumani alimgeukia. Ni mtu wa maneno machache na hayo machache huyatoa polepole. “Nimekuelewa, dada,” akasema. “Na Mwanaidi?”

“Mwanaidi nini?”

“Hayo maneno yote. Na yeye yanamhusu?”

Nilitazama chini. Mwanaidi alitazama mchele. Bi Chausiku alikunja midomo, na nilidhani nimeshuhudia safari ndefu kabisa aliyowahi kusafiri mtu aliyekaa kwenye mkeka.

“Na yeye ana mate kama watu wengine,” akasema mwishowe. “Mpe kiti, ateme kwa raha. Na wewe, Bwana Mate, leo andika kwanza. Nataka niione hiyo namba.”

Niliandika. Aliisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na Athumani akaitazama naye. Mwanaidi akapokea kichupa, akakijaza hadi mstari kabla sijafungua mdomo kutaja embe. Alinirudishia akafuta midomo kwa upande wa kanga, akarudi kwenye ungo wake. Mchele ule aliuchambua kwa haraka kuliko awali. Habari za kurudishwa Kiwangwa hazikutajwa tena, nilivyosikia. Mwaka uliofuata alizaa mtoto wa kiume.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nilifanya jambo. Nilifanya kosa, nikalisema, na kilichobaki alikifanya mtu aliyekuwa anajitetea mwenyewe. Sista Monika nilipomsimulia alisema ingefaa tupoteze vichupa vya mashangazi wote wa wilaya. Kisha akasema asinisikie nikirudia.

Kabla sijastaafu, Dokta Upendo alitukusanya wafanyakazi wa nyanjani atueleze wamefikia wapi. Nilichoelewa ni hiki: ukilinganisha watoto wengi, wa kwetu na wa nchi nyingine, dalili zinaonesha kwamba waliozaliwa na maagizo ya kuwa na askari wengi wa aina fulani kuliko wa aina nyingine, hatari yao ya saratani ya damu imepanda kidogo. Kidogo. Bado kuna mengi mtoto anayokutana nayo baada ya kuzaliwa, na mengine bado hawayajui. Niliuliza kama fundi baiskeli basi alikuwa sahihi. Akasema, “Karibu na sahihi, Mzee Kondo. Usimwambie.” Nilimwambia.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini saa tisa alasiri mlango umebishwa na nimeacha kalamu. Walikuwa Bi Chausiku, Mwanaidi na Rehema, wametoka kliniki Dar, wakakosa gari la Mkange, wakaona walale kwetu. Rehema sasa ni mrefu kuliko shangazi yake. Dawa aliacha siku nyingi. Kliniki anakwenda kwa kutazamwa tu, na leo wamemwambia arudi baada ya mwaka mzima. Mwanaidi ameitoa karatasi mara tatu kunionesha.

Nikawaambia na mimi alichotueleza Dokta kuhusu askari. Bi Chausiku alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mke wangu, akasema, “Hayo yote niliyasema mimi, barazani kwangu, kabla yao.” Mwanaidi akasema, “Ni kweli, aliyasema.” Alisema bila kucheka, na sijui alijizuia vipi.

Tumekula wali wa nazi, kunde, na changu wa kukaanga. Mwanaidi na wifi yake walikula sinia moja, wakabishana kama nazi ilitosha. Ukoko wa sufuria mke wangu aliuweka katikati yao, na wakati bado wanaambiana chukua wewe, hapana chukua wewe, Rehema akaula wote.